Mtu Aliyeacha Njia na Kupinduka

Idara ya Vyanzo vya Maji imetamka, kwa maandishi na kwa mhuri, kwamba tangu ianzishwe hakuna mtumishi wake hata mmoja aliyewahi kudhurika akiwa njiani. Ajali iliyotokea korongoni, tamko likaendelea, haiingii katika habari hiyo, kwa kuwa marehemu aliacha njia, akapoteza mwelekeo na kupinduka. Watumishi wote wanakumbushwa kutoacha njia.

Tamko lilibandikwa kwenye mlango wa kioo wa makao ya Idara, kwa upande wa ndani ili lisinyeshewe, ingawa mvua katika mji ule ni mgeni anayebisha hodi akiwa ameshaanza kuaga. Aliyelisoma mara nyingi kuliko wote alikuwa mjane wa huyo aliyepinduka. Si kwamba alipenda kulisoma. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha Idara, nyuma ya karakana, na kila asubuhi aliingia kwa mlango ule amekumbatia sare za maofisa zilizonyooshwa, na kimo chake kilikuwa kimepangwa na Mungu kuwa sawasawa na mstari wenye neno “kupinduka”.

Watu walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Alikuwa amepiga pasi tangu zile za makaa hadi hizi za mvuke, mpaka mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeishi vizuri zaidi. Maofisa aliwajua kwa kola zao. Alijua nani anatoka jasho la unene na nani la woga, nani anakula haraka na nani anavaa shati siku mbili kisha analigeuza. Kola ya Mkurugenzi haikuwa na jasho la aina yoyote.

Mumewe alikuwa msoma vipimo. Katika korongo lililo mbali na mji, kule ambako nchi ni mwamba na mchanga na hakuna kingine, Idara iliwahi kusimika nguzo zenye tarakimu ili kupima maji yanapopita, na kwa kuwa maji yalipita mara chache sana, kazi kubwa ya wasoma vipimo ilikuwa kwenda kuthibitisha kwamba hayajapita. Waliteremka upande wa juu, wakatembea siku kadhaa ndani ya korongo na mizigo mgongoni, wakatokea upande wa chini. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na mke akimwuliza safari ilikuwaje alijibu ama “njia ilikuwa nzuri” ama “njia ilikuwa mbaya”. Hakuwa msemaji. Mchanga uliotoka mifukoni mwake ulieleza zaidi yake.

Basi miaka yote ya ndoa yao Mama Pasi aliijua ile njia. Aliichora kichwani: nyembamba, yenye kona, pengine na mawe yaliyopakwa chokaa pembeni kama yale ya kwenye ua wa Idara. Njia nzuri ilikuwa kavu. Njia mbaya ilikuwa na vumbi.

Ile sentensi ya kupinduka ilitungwa na karani aliyehamishiwa hapo kutoka ofisi ya usalama barabarani. Kule alikuwa ameandika vifo vingi, vyote vya mabasi na malori, na vyote kwa sentensi moja. Alipoletewa kifo cha mtu aliyekuwa akienda kwa miguu hakuona sababu ya kutunga nyingine. Ilisomwa makaburini kwa sauti nzuri, na iliposomwa, mdogo wa marehemu, dereva wa lori la taka ambaye wenzake walimwita Breki kwa jinsi alivyopenda kusimama, alimwinamia shemeji yake.

“Shem, kaka alikuwa na magurudumu mangapi?”

“Nyamaza.”

“Nauliza tu. Mimi ni mtu wa barabara.”

Lakini wengine hawakucheka, kwa sababu wengine walisikia jambo jingine. Gari likiacha njia, limeacha njia. Mtu akiacha njia, kila mmoja anajua amefuata nini. Mama mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua maneno ya kusikia, alichagua hayo mawili. Waombolezaji walipotawanyika alimwita mkwewe chumbani akafunga mlango.

“Mwanangu, niambie ukweli, mimi ni mtu mzima. Alikuwa na mwanamke huko?”

“Mama, kule ni korongo. Hata mbuzi hakuna.”

Bibi akafikiri. “Basi ilikuwa pombe.”

Tangu hapo aliishika hiyo ya pombe, akamsamehe mwanawe, na akawa anamweleza kila anayekuja kumjulia hali kwamba amemsamehe. Marehemu hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai iliyolala.

Katika ua wa Idara kulikuwa na ukuta wa mawe ambao juu yake yalichongwa majina ya watumishi waliofia kazini. Hapakuwa na majina mengi, na nafasi ilikuwa tele. Mama Pasi alitaka jina la mumewe lichongwe pale. Hakutaka kingine. Alipoulizwa anadai nini hasa, alisema anadai herufi. Aliamini kwamba jina likikaa kwenye jiwe, ile sentensi ya mlangoni itabidi ibanduliwe, kwa kuwa mtu hawezi kuheshimiwa uani na kutukanwa mlangoni katika jengo lilelile. Hapo alionyesha kwamba, pamoja na kuwafulia, hakuwa amewafahamu vizuri.

Mkurugenzi alimpokea vizuri, ndani ya shati ambalo mama mwenyewe alikuwa amelinyoosha jana yake.

“Mama, mimi si adui yako,” alisema. “Tatizo ni moja tu. Kanuni. Ukutani huandikwa aliyefariki akiwa njiani. Huyu wetu, Mungu amrehemu, inasemekana aliiacha.”

“Nani anasema?”

“Taarifa inasema. Sasa wewe nionyeshe kwamba hakuiacha njia, na jina linachongwa kesho yake. Fundi yupo. Patasi ipo.”

“Nitaonyeshaje?”

Mkurugenzi akafungua viganja vyake viwili, kama mtu anayethibitisha kwamba hakuiba kitu.

Mama Pasi akaomba likizo. Mtu wa kumpeleka alikuwa mmoja tu: mzee mstaafu aliyetembea na mumewe korongoni miaka mingi, na aliyekuwa naye siku ile. Aliitwa Mzee Kamba kwa sababu kila kitu chake alikifunga kwa kamba, pamoja na suruali. Tangu mazishi alikuwa akimwona Mama Pasi barabarani anavuka upande wa pili, na upande wa pili ukiwa na gari, anasoma matangazo. Mama Pasi alipomkuta chumbani kwake akishona mkanda wa shanta yake ya mgongoni kwa sindano ya magunia, mzee hakuwa na pa kuvukia.

“Nataka unipeleke mahali alipoangukia.”

“Nitakupeleka,” akasema, kabla mama hajamaliza neno la mwisho, na wepesi ule ulimtia mama hofu kuliko angekataa.

Breki akasema naye anakwenda. Alisema hawezi kumwacha shemeji yake jangwani na mtu ambaye usalama wa suruali yake unategemea fundo.

Wakaenda na lori la taka, ambalo Breki aliliazima kwa kutosema. Lami ilikwisha ghafla, kama mtu aliyekatizwa, na mbele yake ulikuwa uwanda wa mawe mekundu uliolala kimya hadi mwisho wa macho. Wakavaa shanta zao: madumu ya maji, turubai, biskuti ngumu, samaki wa kopo, na kamba, ambayo mzee aliikagua kwa vidole kama mnunuzi wa kitambaa.

“Njia inaanzia wapi?” Mama Pasi akauliza.

“Hapa,” akasema Mzee Kamba, akiwa tayari anatembea.

“Sioni kitu.”

“Utaiona kwa miguu.”

Waliteremkia kwenye ufa. Ulikuwa umejaa mawe yaliyolegea, na kila jiwe lilitaka kujadiliana kwanza kabla ya kukanyagwa. Jioni ya siku hiyo walikuwa chini kabisa, kwenye mchanga, na kuta zimepanda pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki ukanda mwembamba wa buluu. Mama Pasi alizitazama zile kuta, tabaka juu ya tabaka, nyekundu, ya kahawia, ya maziwa, zimepinda na kukunjamana, akaziona ni mashuka yaliyokunjwa na mtu asiyependa kazi yake. Mkono wake wa kulia ulimwasha.

Siku iliyofuata ndipo alipojua mumewe alikuwa akienda wapi. Maporomoko ya ardhi ya zamani yalikuwa yameziba korongo kwa mawe makubwa kama nyumba, na wao wakayapita kama panya: wanavua shanta, wanatambaa kwenye upenyo, wanavuta shanta kwa kamba, wanazivaa, wanakwenda hatua chache, wanazivua tena. Baada ya hapo yakaja madimbwi ndani ya mwamba, maji ya kijani yaliyokaa kivulini tangu hakuna ajuaye lini. Juu jua lilikuwa linachoma hadi mawe yanatoa harufu, na humo majini baridi iliuma mbavu. Walivuka maji yakiwa kifuani, shanta kichwani, Mzee Kamba mbele akipapasa chini kwa fimbo. Pale mchanga ulipoonekana mzuri kuliko kwingine, Breki aliukanyaga, nao ukammeza mguu hadi goti na kuanza kuutafuna kiatu.

“Usivute,” mzee akamwambia. “Kaa chini.”

“Nikae juu ya nini?”

“Juu ya makalio, bwana mdogo. Wewe umejaliwa.”

Wakamtoa kwa kamba, Mama Pasi akivuta kwa ule mkono wake mnene, na kiatu kikatoka mwisho, kwa sauti ya aibu.

“Sasa hii nayo ni njia?” Breki akauliza, akikamua soksi. “Shem, mimi natembeza lori kwenye dampo, penye mbwa na vioo. Lakini dampo lina mahali pa kuingilia.”

“Mzee,” Mama Pasi akasema, “njia tumeiacha wapi?”

“Unaikanyaga.”

“Nimekanyaga maji.”

“Ndiyo hiyo.”

Alidhani mzee anamtania. Alidhani pia, na hilo hakulisema, kwamba wao wamepitishwa kwa mkato, na kwamba ile njia yenyewe, ile ya kona na chokaa, iko mahali fulani juu kidogo au mbele kidogo. Kila walipopinda alitazama kwanza pembeni ya mawe. Aliona mizizi mikavu, mifupa ya ndege, na nguzo moja ya Idara imelala chini, tarakimu zake zikipima mchanga.

Kuna asubuhi mzee mwenyewe alipotea. Aliwaongoza kwenye mfereji wa pembeni kwa kujiamini sana, wakapanda mpaka ukawa ukuta mtupu, akasimama anaupapasa ule mwamba kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli limebadilishwa.

“Mwaka ule palikuwa wazi hapa,” alisema.

“Mwaka ule na wewe ulikuwa kijana,” Breki akamjibu, akageuka kuteremka kwa makalio, ambayo sasa alikuwa ameyakubali kama kiungo cha safari.

Jioni walikaa chini ya turubai wakila samaki wa kopo wenye mchanga. Mchanga uliingia katika kila kitu; hata maneno yalitoka yakikwaruza. Breki alisimulia jinsi kaka yake alivyomfundisha baiskeli kwa kumsukuma mteremkoni na kwenda zake. Mama Pasi akacheka, kisha akamtazama Mzee Kamba, akaona hacheki. Alikuwa anafungua fundo moja la kamba na kulifunga tena, anafungua, anafunga.

Walifika siku iliyofuata jua likiwa kali. Korongo lilikatika ghafla. Sakafu yake iliishia kwenye mdomo wa mwamba laini, na chini, mbali kiasi cha kutosha, ilianza tena. Maji yakija huwa maporomoko. Yasipokuja ni ukuta. Ubavuni mwa ukuta ule ulikatiza ukingo mwembamba, upana wa ubao wa kupigia pasi, ukiteremka taratibu kuelekea chini.

“Ni hapa,” mzee akasema. “Usiangalie chini. Tazama mwamba, shika mwamba, msahau mtu mwingine yeyote.”

Walipita mmoja mmoja. Mama Pasi alibandika shavu kwenye mwamba na kwenda kwa ubavu, na katikati ya ukingo alielewa kwamba shavu la mumewe limewahi kugusa hapa, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuweka shavu. Hakulia. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Chini, kati ya mawe mawili, palikuwa na kiti cha kukunja cha bati jepesi, kitambaa chake cha kijani kimeliwa na jua, nembo ya Idara bado inasomeka.

“Hiki kimefikaje hapa?” Breki akauliza.

Mzee Kamba alivua kofia. “Yeye ndiye aliyekuwa amekibeba. Tulipomchukua yeye, tukakiacha.”

“Kiti cha nani?” Mama Pasi akauliza.

“Cha Mkurugenzi. Alikuwa aje kwenye nguzo ya mwisho, kule chini ambako gari linasogea karibu, apigwe picha amekaa korongoni. Tukaambiwa tupite na kiti, ili akikute.”

“Alikuja?”

“Alipata mkutano.” Mzee aliipangusa ile kofia ingawa haikuwa na kitu. “Kilikuwa na tabia ya kufunguka, kile kiti. Mimi ndiye niliyekifunga, na nilikifunga vizuri. Alipofika katikati ya ukingo kikafunguka mgongoni mwake. Mguu wa kiti ukagonga mwamba, ukamsukuma. Ni hivyo tu. Hata sauti hakutoa.”

Kisha Mama Pasi akauliza swali lililomleta.

“Na njia ilikuwa umbali gani na pale aliposimama?”

“Njia gani?”

“Njia. Aliyoiacha.”

Mzee akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona maji yanakuja na hana pa kupanda.

“Mama, njia haipo.”

“Hapa haipo?”

“Haipo popote. Tangu tuteremke hujapita kwenye njia.”

“Uliniambia naikanyaga.”

“Ndivyo tunavyosema sisi. Mahali pakikuruhusu kupita, siku hiyo ndiyo njia. Ukirudi mwaka mwingine jiwe limehama, na njia imehama. Hata yeye alikuwa akisema hivyo.”

“Alikuwa akisema njia ilikuwa nzuri.”

“Basi siku hiyo palimruhusu.”

Mama Pasi akakishika kile kiti kwa mgongo wake, kikafunguka chenyewe, kwa wepesi na kwa adabu, kama kinavyotakiwa kufanya kiti cha mkubwa. Akakalia ukanda wa kitambaa uliobaki. Kilikuwa kiti kizuri.

“Sasa hayo ya kuacha njia,” alisema polepole, “aliyatoa nani?”

“Karani alinijia tukiwa hatujalala usiku kucha. Alikuwa na haraka, gari linamsubiri. Akaniuliza swali moja: ‘Alipoanguka, alikuwa kwenye njia?’” Mzee akaikaza kamba kiunoni. “Nikaona mtu kauliza vizuri, nimjibu vizuri. Nikasema hapana.”

“Na hukuongeza neno?” Breki akauliza.

“Hakuniuliza lingine.”

“Mzee, nyumba yako ikiungua utasubiri waulize ni ya nani?”

“Nilidhani wanajua,” mzee akasema. “Ni korongo lao. Nilipoisikia ile sentensi makaburini ndipo nikajua ni ya kwangu. Na mtu akishasoma mbele ya jeneza, utanyoosha mkono useme samahani, turudie?”

Mama Pasi alimtazama yule mzee mwenye kamba kiunoni. Angekuwa amedanganya ingekuwa kazi nyepesi. Mtu huwa anajua la kumfanya mwongo. Huyu alikuwa amesema kweli mara moja, kwa neno moja, na neno hilo limekaa mlangoni likisomwa na kila mwenye macho.

Ni Breki aliyelishika jambo lenyewe. “Ngoja, shem. Kama njia haipo, hakuiacha. Utaachaje kisichokuwepo?”

Mama Pasi aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi kitu kilinyooka kifuani mwake, kama shati linapopokea mvuke. Akasimama, akakikunja kiti, akamwambia Mzee Kamba akifunge kwa mafundo yote anayoyajua. Huu ndio ushahidi, na shahidi ni huyu, na safari hii ataongeza maneno.

Breki ndiye aliyekibeba hadi mwisho wa korongo. Kilifunguka mgongoni mwake mara mbili, bahati yake penye mchanga, na mara zote mbili alisimama tuli, miguu ya kiti imechomoza mbavuni mwake kama mabawa ya kuku, akasema bila kugeuka, “Kaka, nimekuelewa.”

Mkurugenzi aliwasikiliza wote watatu bila kuwakatiza, jambo ambalo si dogo. Mzee Kamba alieleza korongo lote, jiwe kwa jiwe, na alipofika kwenye swali la karani alilirudia neno kwa neno, na jibu lake, na yale ambayo angeongeza. Mama Pasi akamalizia.

“Kwa hiyo hakuiacha njia, kwa sababu haipo.”

“Nimekuelewa vizuri sana, mama.” Mkurugenzi alikuwa na huruma ya kweli usoni, hata Breki alikiri baadaye. “Haipo.”

“Haipo.”

“Kwa hiyo hakuwa njiani.”

Mama Pasi akamgeukia Mzee Kamba.

“Kanuni, unaona, haisemi kwamba aliyeacha njia asiandikwe. Ingesema hivyo ungekuwa umeshinda, na mimi ningefurahi. Kanuni inasema aandikwe aliyefariki akiwa njiani. Nanyi mmekuja watu watatu kunithibitishia kwamba hakuwa.”

“Kule hakuna anayeweza kufa njiani,” Breki akasema.

“Ndiyo maana hakuna aliyekufa,” Mkurugenzi akajibu, kwa upole, kama anayemsaidia mwanafunzi kumalizia hesabu. “Hilo neno la kupinduka, nakubali, ni lugha tu. Karani atalitazama akirudi likizo.”

Ndipo alipokiona kiti, kimeegemezwa mlangoni, na uso wake ukachangamka.

“Kumbe kipo. Hiki kilitusumbua sana kwa wakaguzi, mjue. Kimeandikwa kimepotea.” Akakishika, kikafunguka. “Mmefanya jambo jema kukirudisha. Mama, kitambaa kama hiki kinaweza kutakata?”

“Kinaweza,” akasema Mama Pasi, kwa kuwa aliulizwa na kwa kuwa ilikuwa kweli.

Akakifua. Ilikuwa kazi yake. Akakikausha kivulini ili kisipauke zaidi, akashona pale palipoliwa, akakinyoosha kwa moto mdogo, nembo ya Idara ikiwa juu. Nyumbani akamweleza mama mkwe, kwa sauti ya juu na mara mbili, kwamba njia haipo, haijawahi kuwepo, na mwanawe alianguka akiwa amebeba kiti cha mkubwa. Bibi alitikisa kichwa kwa majonzi.

“Ndiyo hiyo pombe,” alisema. “Hata njia hakuiona.”

Mzee Kamba siku hizi havuki barabara. Anasimama, anasubiri Mama Pasi afike, na wanasalimiana, ingawa hakuna anayeongeza neno. Na mashati ya Mkurugenzi, tangu mwezi ule, yana mikunjo miwili kwenye kila mkono, sambamba, kutoka begani hadi kifundoni, iliyonyooka kama njia ya magari. Mpiga pasi mpya angefukuzwa kwa kosa hilo. Mkurugenzi hajaliona, au ameliona na hajauliza, na asipouliza hataambiwa.

Isisemwe kwamba Idara haikujifunza kitu. Kabla ya mwaka kwisha Mkurugenzi aliagiza kitengenezwe kibao cha chuma, rangi ya njano, maandishi meusi: USIACHE NJIA. Kilikuwa kisimikwe ndani ya korongo, kwenye ule ukingo. Kipo hadi leo, na kimesimikwa vizuri, kwa zege. Kiko kando ya lami, pale lori linapogeuzia, kwa sababu mafundi waliotumwa kukipeleka walirudi nacho mchana uleule wakaeleza kwamba hawakuona pa kupita.